Nuru Zuberi, Aliyeyapima Majani ya Mjomba Wake

Asalaam aleikum wazee wetu, maimamu, na amani iwe kwenu mapadri na wachungaji mliokuja kulia nasi, shefu wa kartie anayeongoza mtaa huu, walimu, waganga wa hospitali, majirani wa hapa Kasongo, na ninyi mliopanda pikipiki tangu alfajiri kutoka Kabambare na Nyangwe mkafika na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi ni Kassimu Zuberi, niliyezaliwa nyuma ya marehemu, na jamaa wamenipa kazi ya kuwaeleza maisha yake kabla hatujampeleka makaburini. Nitasoma polepole, na mahali nitakaponyamaza mnivumilie.

Marehemu Nuru Zuberi Bakari alizaliwa hapa Kasongo tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Zuberi Bakari, muuza vitambaa aliyejulikana na soko zima, na mama Mwanvua, Mbangubangu wa Kabambare, ambaye kwa miaka mingi alikaa na baba dukani, akipima vikwembe kwa mkono, akivikunja na kuwaita wateja kwa sauti ambayo wenye umri wangu hapa bado wanaikumbuka. Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari hapa hapa katika sehemu ya biolojia na kemia, akapata diplome ya serikali mwezi Julai 1989. Walimu wake walimsifu kwa akili, lakini sisi wa nyumbani tulimjua kwa ubishi, kwani siku mwalimu alipowafundisha habari za ubongo, yeye alipitia kwa mchinjaji akaomba kichwa cha mbuzi, akakipasua uani kwa kisu cha jikoni, na mama alimfukuza na mwiko mpaka barabarani, naye akawa anakimbia huku amekishika kile kichwa, hakukiacha.

Mwaka 1990 alikwenda Kisangani kusoma chuo kikuu, na kwa kuwa miaka ile masomo yalisimama mara nyingi, alimaliza mwezi Oktoba 1998, akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara moja ya mji ule. Tarehe 21 Agosti 1999 alifunga ndoa na Bwana Ismaël Sefu, mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa Nyangwe, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Malaika aliyezaliwa 2001, ambaye leo ni muuguzi, Bakari wa 2004, na Soraya wa 2009. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya kigeni yalipopigana mjini Kisangani, yeye na mumewe walilala chini ya meza ya maabara mabomu yakipita juu, na mapigano yalipokwisha, kabla hawajajua hata kama nyumba yao imesimama, alichukua ufagio akaanza kuzoa vioo.

Mwaka 2005 alipata nafasi ya kuendelea na masomo Yaounde, nchini Kameruni, na ilikuwa huko alikopata habari ya kifo cha baba yetu tarehe 3 Mei 2006, asiweze kufika kumzika, jambo lililomuuma hadi mwisho. Na huko ndiko alikokutana na kazi iliyomshika maisha yake yote. Kwa kuwa wengi mmewahi kuniuliza dukani dada yangu anafanya kazi gani hasa, nitaieleza kama alivyonieleza mimi, muuza saruji na misumari. Katika ubongo wa kila mtu kuna protini ndefu ambayo mwili wenyewe huikata vipandevipande, na kwa kawaida vipande hivyo huondolewa kama takataka zinavyofagiliwa, lakini kwa baadhi ya watu, hasa wakizeeka, vipande fulani vinavyoitwa amiloidi haviondoki, vinanatana, vinakuwa kama madonge katika bugali uliopikwa na mtu mwenye haraka, na mtu mwenye ubongo wa namna hiyo huanza kusahau, kwanza mahali alipoweka ufunguo, halafu njia ya nyumbani, halafu majina ya watoto wake. Ugonjwa huo unaitwa Alzaima. Wataalamu wamejifunza kuvitengeneza vipande vile vile, ili wavichunguze, na yeye alikuwa akitumia kimoja kifupi, chenye pingili kumi na moja kama za muwa, kinachofika kikiwa unga mweupe ndani ya kichupa, kidogo kuliko chumvi unayoshika kwa vidole viwili, kinachotakiwa kukaa kwenye baridi kali. Ukikiyeyusha na kukiacha siku kadhaa katika joto kama la mwili wa mtu, vipande vinashikana, na panya akitiwa maji yale ubongoni, hali amelazwa kwa dawa ya usingizi, akiamka husahau njia aliyokuwa ameijua. Hapo ndipo mtafiti anaweza kujaribu dawa, aone kama kuna kitu kitakachomrudishia panya njia yake, ingawa yeye mwenyewe hakuacha kutuonya kwamba panya si mtu, na dawa iliyomfaa panya bado ina safari ndefu.

Watu walimcheka. Hapa hapa Kasongo mtu mmoja alimwambia mbele yangu, "Nuru, watoto wanakufa na malaria, weye unasumbua panya juu ya kusahau?" Naye akamjibu, "Malaria iko na watu wengi wa kuipigania. Wale wazee hawana mutu." Alirudi Kisangani mwaka 2008 akaanza kazi hiyo katika maabara ndogo, yenye friji moja na jenereta moja, na vichupa vya kwanza alivyoagiza viliharibika njiani kwa joto, akaagiza vingine, navyo vikaharibika, vya mara ya tatu akavifuata mwenyewe Kinshasa, akarudi navyo amevipakata kama mtoto mchanga ndani ya sanduku la barafu.

Mwaka huo huo wa 2008 mama, akiwa mjane, alirudi kwao Kabambare kukaa kwa ndugu yake, mjomba wetu Kitenge, mganga wa majani, ambaye yuko hapa mbele, amekaa karibu na imamu. Kuanzia mwaka 2012 tukaanza kusikia habari za ajabu. Mama alikuwa akiingia katika nyumba za watu mchana kweupe, bila kupiga hodi, akizitoa nguo sandukuni au kuzianua kambani, akizikunja vizuri moja juu ya nyingine, kisha akikaa kando yake na kutulia. Sisi tulio mbali tulicheka tulipohadithiwa. Kule Kabambare hawakucheka, kwa sababu mtu anayeshika nguo za wenzake bila ruhusa hudhaniwa kuwa mlozi, mchawi anayeua watu kupitia nguo zao, na mwezi wa Novemba 2013 mtoto wa majirani wa mjomba, Bwana Iliasi na mkewe Mama Fifi, alipofariki kwa homa siku chache baada ya mama kuzikunja nguo za mtoto huyo, vijana walikuja na petroli hadi uani kwa mjomba, wakasema mlozi atoke.

Mjomba Kitenge alitoka yeye. Alisimama mlangoni, mikono mitupu, akawaambia, "Huyu mama iko mugonjwa, iko chini ya dawa yangu. Mwenye kutaka kumugusa, aanze na miye." Vijana walimheshimu, kwani wengi wao aliwapokea wakizaliwa, wakarudi nyuma, na tangu siku ile mjomba akawa anamnywesha mama majani ya mti mmoja wa kule, akimwambia kila apitaye kwamba ni dawa ya ugonjwa wa kusahau. Jina la mti huo sitalitaja, ameniomba nisilitaje. Nuru alipofika Desemba kumwona mama, mjomba alimfungia mifuko miwili ya majani makavu, akamwambia kwa furaha, "Peleka ku labo yako. Upime, uandike, wajue kule Ulaya kama na siye tuko na akili."

Ndugu waombolezaji, dada yangu aliyachukua majani yale akitaka kwa moyo wote yafanye kazi. Bwana Célestin, fundi wa maabara aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, na ambaye alifika kutoka Kisangani juma lililopita kumwona mgonjwa, ametueleza jana kwamba kabla hawajaanza alimwita kando, akamwambia, "Célestin, weye ndiye utajua panya gani wamekunywa majani na gani wamekunywa maji. Usiniambie. Ninajua ninachotaka kuona, na macho yangu yatanidanganya." Basi Célestin akazitia alama ndoo na vizimba, na Nuru akawatazama panya wakiogelea kutafuta kibao kilichofichwa chini ya maji, siku baada ya siku, akiandika nani ameona njia na nani anazungukazunguka, asijue ni yupi. Walipofungua alama, waliokunywa majani na waliokunywa maji walikuwa wamesahau sawasawa. Aliosha vyombo, akasema waanze tena. Walianza tena, na mara ya tatu tena, hadi mwaka 2016, na wakati huo huo Muuguzi Estelle wa Kabambare alikuwa akiwafuatilia kwa niaba yake wazee wa huko wenye ugonjwa huo, wengine wakinywa majani, wengine bila, akiwauliza maswali yale yale kila baada ya miezi michache, na wazee nao wakawa wanateremka pamoja, wanywaji na wasio wanywaji.

Mtu mwingine angefunga kitabu akanyamaza. Mumewe Ismaël, ambaye ameniruhusu niyaseme haya, alimshauri anyamaze, akamwambia majani hayamwui mama, na ndiyo yanayomlinda, kwa nini ayaondoe? Lakini habari ya majani ilikuwa imeshavuka Kabambare, yanauzwa hapa sokoni, yanauzwa mpaka mtoni, na kukazuka desturi mpya ambayo mjomba mwenyewe hakuitaka, kwamba mzee aliyesahau hunyweshwa majani, na asipopona watu husema dawa imemkataa, hana ugonjwa, ni mlozi. Nyangwe, katika kartie ya nyumbani kwao Ismaël, bibi mmoja alifukuzwa na wanawe mwenyewe kwa hukumu hiyo, akafia njiani. Nuru aliposikia alimwambia mumewe, "Majani imekuwa hakimu, baba Malaika. Na mama kila mwezi anazidi kuharibika. Siku moja watamuhukumu na yeye." Ismaël ametuambia kwamba aliinuka, akaenda kumtafutia tiketi.

Tarehe 16 Agosti 2016 tuliondoka hapa Kasongo, mimi na yeye, kwa pikipiki mbili, tukafika Kabambare jioni ile ile, na kabla ya kuvua viatu alimfuata mjomba jikoni, kwa sababu hakutaka ayasikie mbele ya watu.

"Mujomba," alimwambia, "nimepima yale majani mara tatu. Hayasaidie ule ugonjwa."

Mjomba aliendelea kuchambua mizizi yake, kisha akauliza, "Panya wako waliyakataa?"

"Panya walisahau, mujomba, waliokunywa na wasiokunywa, wote sawa. Na wazee wa hapa vilevile."

"Siku walikuja na petroli, ni panya wako walisimama ku mulango, ao ni majani yangu?"

"Ni weye ulisimama, mujomba. Siyo majani."

Mjomba alikusanya mizizi yake kapuni. Halafu akasema, "Ukisema ile maneno mbele ya watu, watamuchukua dada yangu."

"Nisiposema, watamuchukua tu. Kila mutu anaona hapone, na wamezoea kusema mwenye kukataliwa na majani ni mulozi. Wanapashwa kujua kama majani hayajaponyesha mutu hata mumoja, ndiyo hayawezi kuhukumu mutu."

"Sema basi," mjomba akamjibu. "Lakini miye sitakuwa pale."

Siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, watu walijaa uani, shefu wa kartie akiwa mbele, na Nuru akasimama akawaeleza kila kitu, protini, vipande, madonge, panya, na jinsi alivyoshindwa mara tatu, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Mjomba hakuwa amekaa na watu, lakini mimi nilimwona ameegemea nguzo ya jikoni. Alipomaliza, Bwana Iliasi alisimama, mtu aliyempoteza mtoto, na hakuna aliyemkatiza.

"Kama majani haiponyeshe, na lopitali haiponyeshe, basi ile siyo ugonjwa," akasema. "Munatuzungusha tu."

"Baba Iliasi, sukari haiponi, nayo ni ugonjwa," Nuru akamjibu. "Presha haiponi, nayo ni ugonjwa. Na huu vilevile."

"Sukari haiingie mu nyumba yangu kushika nguo ya mutoto wangu!"

 Dada yangu aliwapa watu mgongo. Aliingia ndani, nikadhani ameshindwa, nikawa natazama pikipiki zetu ziko wapi, lakini alirudi amemshika mama mkono, akatandika mkeka katikati ya watu, akamwaga juu yake vikwembe vyake mwenyewe kutoka ndani ya begi, vimevurugika, akakaa pembeni. Mama alivitazama. Akapiga magoti, akachukua kimoja, akakinyoosha, akakipima kwa mkono kuanzia kidole hadi bega, akakikunja, akakiweka, akachukua cha pili. Vilipokuwa vimepangwa vyote aliinua uso akawatazama watu, na sauti ya duka la baba ikatoka, "Karibuni, karibuni! Hiki ni cha Kigoma, hakichuje! Shika, mama, shika na mukono wako!"

Kuna akina mama walioshika midomo, wale waliowahi kufika Kasongo na kununua kwetu. Wengine walitazama chini. Na mtu aliyeinuka alikuwa Mama Fifi, mke wa Iliasi, aliyekuja akapiga magoti mbele ya mkeka, akashika kitambaa kama mteja anavyoshika, akauliza, "Ni bei gani, mama?"

"Kwako nitapunguza," mama akamwambia. "Uko na mutoto mudogo?"

Mama Fifi alikipapasa kile kitambaa. "Nilikuwa naye," akasema.

Mama akapekua katika vile vitambaa mpaka akapata kimoja cha zamani, kilichofuliwa sana, akamwekea mikononi. "Basi shika hiki," akasema. "Hiki iko laini."

Mama Fifi alikaa nacho pale chini, akalia, kisha akageuka akamwambia mumewe, "Alikuwa anauzisha, baba. Alikuwa anauzisha tu."

Bwana Iliasi alichukua baiskeli yake akaondoka, na zaidi ya miaka miwili ikapita hakutusalimu. Sitadanganya hapa kwamba watu wote walisadiki siku ile, wako ambao hawajasadiki mpaka leo, na baadhi yao wamekuja kumzika, tunawashukuru. Lakini petroli haikuonekana tena katika ua ule. Shefu wa kartie alitangaza kwamba mtu atakayemgusa mzee kwa ajili ya kusahau ataulizwa na yeye, na mama alibaki kwa mjomba, akiwa na mkeka wake na vitambaa vyake nje ya nyumba kila asubuhi, wanawake wakipita wanamwuliza bei, hadi alipofariki kwa utulivu tarehe 9 Juni 2020.

Mjomba aliacha kuyatoa majani yale kwa ugonjwa huo. Hakumwambia mtu kwa nini, na kwa Nuru hakusema lolote, si kwa simu wala kwa salamu. Dada yangu aliendelea. Mwaka 2017 alianza kugawa miaka yake, miezi kadhaa Kisangani kwa vichupa vyake, na kila kiangazi huku kusini, akizunguka Kasongo, Kabambare, Nyangwe na vijiji vya machimbo ya dhahabu, akizungumza misikitini baada ya sala, makanisani baada ya misa, mashuleni, hata kwenye mnada wa samaki, akisema maneno yale yale, kwamba ni ugonjwa, una jina, hauambukizi, haujapata dawa, na kwamba mzee akisahau njia kazi ya jamaa ni kumshika mkono. Mahali pengine alipigiwa makofi, mahali pengine alitupiwa maganda ya muhogo, na alirudi kote mwaka uliofuata, kwanza pale alipotupiwa maganda. Hakuwa mtu mpole, tusimfanye leo malaika. Alisahau mahafali ya wanawe, alikuwa akiunguza mboga, na mtu akimletea habari isiyo na ushahidi alimkata kauli hata akiwa mkubwa wake.

Mwezi Septemba 2018, akiwa hapa nyumbani kwangu, pikipiki ilisimama nje, na aliyeshuka ni mjomba Kitenge, mzee wa miaka zaidi ya sabini, amefunga kitu kifuani kwa kitambaa. Hakukaa. Aliweka mbele ya Nuru mzizi wenye udongo bado, akasema, "Pima na huu. Ukikataa, useme umekataa." Nuru alisimama akaupokea kwa mikono miwili. Mzizi ulikataa, na alikwenda mwenyewe Kabambare kumweleza, mjomba akasema, "Basi," akampikia kuku, na tangu hapo walikuwa kama watu wa kazi moja, mzee akichimba, mwipwa wake akipima. Mwaka 2021 alimletea ganda la mti, na hilo, Célestin anasema, liliwafanya panya wachache wakumbuke zaidi kidogo kuliko wenzao. Sisi tulitaka kushangilia, na Nuru alitukataza, akasema kidogo inaweza kuwa bahati, mpaka irudiwe, na irudiwe na watu wengine wasiomjua mjomba wetu. Kazi hiyo haijakwisha. Bwana Célestin amechukua vichupa vilivyobaki na ataiendeleza, na ikionekana kwamba ilikuwa bahati tu, atalitangaza hilo hilo.

Mwezi wa Machi 2023 marehemu aliona uvimbe katika titi la kushoto. Alipimwa Kisangani, akafanyiwa upasuaji Kinshasa tarehe 2 Juni mwaka huo, akapata nafuu, akarudi kazini bila nywele, kofia ya sufu kichwani, lakini mapema mwaka huu ugonjwa uliingia katika mifupa, na alipoambiwa na waganga kwamba hakuna zaidi la kufanya aliwauliza maswali mengi, akaandika majibu, akaomba kuletwa nyumbani. Alifika Kasongo tarehe 12 Septemba. Alifariki jana Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu, mkono wake mmoja ukiwa kwa Ismaël na mwingine kwa Malaika, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mume na watoto watatu, ndugu wanne, na mjomba.

Na sasa ninasoma jambo ambalo ameniagiza. Wiki mbili zilizopita, akiwa na nguvu za kukaa, aliniambia, "Kassimu, ninajua matanga ya kwetu. Kabla ya siku ya tatu mutu ataanza kuuliza ni nani. Siku ya kunizika utasema ugonjwa wangu na jina lake, mbele ya watu wote, ukiwa umesimama." Kwa hiyo ninasimama. Dada yetu Nuru Zuberi amefariki kwa kansa ya titi. Hakuna aliyemroga. Hakurogwa na jirani, hakurogwa na wifi wala shangazi, hakurogwa na mjomba wake Kitenge kwa ajili ya majani, neno ambalo limeshaanza kunong'onwa hapo nje tangu jana na nimelisikia kwa masikio yangu. Mtu aliye na neno hilo mdomoni alimeze, au aje aniambie mimi usoni, mbele ya shefu na imamu. Jamaa ya Zuberi Bakari haitatafuta mlozi katika msiba huu, na haitampokea mganga wa kupiga ramli katika ua huu.

Kwa niaba ya jamaa ninawashukuru waganga na wauguzi wa Kisangani na Kinshasa waliomtibu, na wa hapa Kasongo waliokuwa wakija kumpunguzia maumivu hata siku za mvua, ninamshukuru Muuguzi Estelle kwa miaka aliyowafuatilia wazee wetu, Bwana Célestin na wenzake wote wa maabara, Ismaël kwa subira ambayo wengine tusingeiweza, majirani mliopika na kuchota maji tangu jana, Mama Fifi aliyemwosha marehemu leo asubuhi pamoja na Malaika na Soraya, na Bwana Iliasi, aliyeongoza wachimba kaburi. Mjomba, wewe tunakuomba ushike jeneza mbele, upande wa kulia.

Dada Nuru, umefanya kazi yako, na uliyoyasema yatasemwa tena. Mola akupokee, akupe mapumziko mema, upumzike kwa amani. Tuinuke.